Barua ya wazi kwa wanaosimamia polisi, mahakama na magereza ya Uganda: Aliyeniibia amefungwa, akatoka, na hakuna aliyemuuliza habari yangu

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa polisi, mahakama na magereza ya nchi yetu,

Salamu kutoka Tororo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona kwenye baraza ya duka moja hapa mjini, sare za shule, gomesi (gauni la heshima la kina mama), na suruali za kupunguza, mwaka wa kumi na tisa huu. Ninawaandikia hadharani kwa sababu faraghani nimekwisha kuandika mara tatu, kwa ofisi tatu, na kila barua niliipeleka kwa mkono wangu. Moja iligongwa muhuri wa kupokelewa. Mbili zilizobaki hata muhuri sikupata. Sitataja ofisi wala mtu. Simtafuti wa kufukuzwa kazi, na najua wengi walio nyuma ya meza hizo wanafuata utaratibu walioukuta. Ninachotafuta ni jibu.

Habari yenyewe ni hii. Miaka miwili na nusu iliyopita kijana aliyekuwa akinichotea maji aliniibia kichwa cha cherehani usiku, pamoja na vitambaa viwili vya wateja. Alikuwa na miaka 19. Alikuwa akila kwangu. Kichwa kile nilikinunua kwa shilingi 450,000, nikikilipia kidogo kidogo, na hadi leo hakijapatikana. Aliniambia baadaye kwamba kilivuka mpaka wa Malaba kwenda Kenya asubuhi ile ile.

Nilimshtaki mimi mwenyewe, na sijutii. Aliyeiba lazima ajue ameiba, na nisingependa mtu asome barua hii akadhani naomba wezi waachwe watembee. Kijana alikaa rumande miezi 11. Siku alipokubali kosa alihukumiwa mwaka mmoja na nusu, akapunguziwa theluthi moja kwa mwenendo mwema kama sheria inavyoruhusu, akatoka. Jumla miezi 23.

Siku aliyorudi nilikuwa natia uzi sindanoni. Nikaona kivuli kimesimama mbele ya baraza. Nikainua macho, nikamwita kwa jina lake. Zamani angesema, "Jambo mama," kabla sijamaliza kumwita. Safari hii alichuchumaa papo hapo, chini kwenye vumbi, mikono nyuma, kichwa ameinamisha. Mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake alicheka, akidhani ni mchezo. Haukuwa mchezo. Mwili wake ulikuwa umezoea kwamba ukiitwa na mtu mkubwa, unachuchumaa na kusubiri kuhesabiwa.

Nilimwinua, nikampa kiti. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini uliniibia?" Akanijibu bila hasira, kama mtu anayeonyesha risiti: "Mama, hiyo nilishamaliza. Nilifungwa, nikamaliza." Nikamuuliza kama anajua niliishije bila cherehani. Hakujua. Nikamweleza kwamba nilikodi mashine ya mwenzangu kwa siku, faida yote ikaenda kwenye kodi, na binti yangu akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Nikamweleza pia kwamba wenye vitambaa waliniita mimi mwizi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Huko ndani hakuna aliyeniuliza habari yako."

Miezi mitatu baadaye alikamatwa tena, na betri ya sola ya muuza chapati.

Waheshimiwa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nchi ilitumia miezi 23 kumwadhibu kijana huyu, ikamlisha ugali na maharagwe, ikamlinda kwa bunduki, ikamfundisha kuchuchumaa. Kujutia haikumfundisha, kwa sababu hakuna siku hata moja aliyokutanishwa na kile alichokifanya. Alihesabu siku zake. Kosa lake hakulihesabu. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba ili atakayenijibu asiruke lolote.

1. Aliyekosewa hayumo kwenye kesi.

Jalada la kesi liliandikwa Uganda dhidi ya kijana. Mimi nilikuwa shahidi. Nilikwenda mahakamani mara saba, na mara tano kesi iliahirishwa. Kila safari nilifunga kazi. Siku alipokubali kosa niliinua mkono. Nilitaka kusema mambo mawili tu, nilichopoteza na ninachotaka kwake. Niliambiwa niketi. Niliketi.

Baadaye kijana mmoja anayesomea sheria, mtoto wa mteja wangu, alinisomea Katiba yetu ya 1995, kifungu cha 126. Kinasema mahakama zinapoamua kesi, za madai na za jinai pia, aliyekosewa apewe fidia ya kutosha, na upatanisho baina ya pande mbili uhimizwe. Nilimwomba akisome mara mbili. Nilikuwa nimekwenda mahakamani mara saba bila kusikia neno fidia wala neno upatanisho.

Nawaomba mlitafakari hili, kwa kuwa ndipo ulipo mzizi wa kilio changu. Mtu anapokosa anamkosea mtu. Kuna kichwa cha cherehani kilichobebwa, kuna mtoto aliyekaa nyumbani. Mkimwondoa mtu huyo mezani, mkosaji anabaki na deni moja tu, deni la serikali, na hilo analipa kwa siku. Siku zikiisha, anaona yuko safi. Kijana wangu hakuwa jeuri aliposema amemaliza. Alikuwa anasema kweli kama alivyofundishwa.

2. Rumande inafundisha, lakini inafundisha nini?

Magereza ya Uganda yana watu zaidi ya 70,000, na nafasi zilizojengwa hazifiki nusu ya idadi hiyo. Karibu nusu ya waliomo bado wanasubiri kesi. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 23, inasema mtu aliyekaa rumande siku 60 kwa kosa linaloweza kusikilizwa na mahakama ya chini, kesi yake haijaanza, aachiwe kwa dhamana kwa masharti yanayofaa. Kijana wangu alikaa miezi 11. Mama yake yuko kijijini, hana simu, na alijua mwanawe yuko Kampala anabeba mizigo. Hakukuwa na mdhamini, na yeye mwenyewe hakujua kwamba ana haki ya kuomba.

Akiwa huko alilala ubavu kwa ubavu na watu wazima waliokwisha kufungwa mara tatu, mara nne. Nilimuuliza alifundishwa kazi gani. Alisema waliohukumiwa walikuwa na karakana na bustani, lakini yeye kwa miezi 11 alikuwa mtu wa kusubiri. Walimu wake wakawa hao wa ubavuni. Aliingia anajua kuiba kitu kilichoachwa wazi. Alitoka anajua kufungua kufuli bila ufunguo, na alinionyesha kwa vidole vyake, bila kufikiri, jinsi inavyofanywa.

3. Kumtisha mtu hakumbadilishi moyo.

Wazee wa hapa wanawakumbuka makondo, wale majambazi wa silaha. Mwaka 1968 wizi wa kutumia silaha uliwekewa adhabu ya kifo ya lazima, hakimu asiwe na la kuchagua. Makondo hawakuisha, miaka ya sabini watu walikuwa bado wanafunga milango kabla jua halijazama. Mwaka 1999 watu 28 walinyongwa Luzira, gereza kuu la Kampala. Tangu wakati huo hakuna raia aliyenyongwa kwa hukumu ya mahakama za kiraia, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama zetu zilikwisha kukataa pia adhabu ya viboko, na tangu 2016 sheria ya watoto inakataza kiboko shuleni. Kwa hiyo hata nyinyi, Waheshimiwa, mmekuwa mkitembea polepole kuelekea huku ninakowaita.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu mwema, na alitupiga. Nilipigwa kwa sababu ya sukari iliyokuwa ikipungua kwenye kopo. Baada ya kiboko cha tatu nilijua kuongeza chumvi kidogo juu ili kopo lionekane limejaa. Kuacha nilikuja kuacha siku mama aliponikalisha, akamimina kopo lote juu ya meza, akagawa vijiko kwa siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi, kisha akaondoa vijiko vya mdogo wangu mgonjwa na kuniuliza yeye atakunywa uji na nini. Nililia. Hakunigusa.

Tofauti ya kiboko kile na vijiko vile ndiyo ninayoililia katika barua hii. Watu husema samaki mkunje angali mbichi, na wanaitumia methali hiyo kutetea fimbo. Kukunja kunataka mkono ulio karibu, unaojua samaki huyu ni wa namna gani. Kwa miezi 23 kijana wangu hakupata mkono wa namna hiyo.

4. Mahali palipo na mwalimu, watu hubadilika, na sisi wenyewe tunajua.

Sheria ya Magereza ya 2006 inasema wazi kwamba kazi ya magereza ni pamoja na kumrekebisha mfungwa kwa mafunzo na elimu, na kumsaidia arudi kwa jamii yake. Yapo mahali inapofanyika. Luzira kuna shule, na wafungwa wanafanya mitihani ya taifa kama watoto wetu. Susan Kigula, aliyekuwa amehukumiwa kifo, alisoma humo humo hadi akasomea sheria ya Chuo Kikuu cha London, na kesi iliyobeba jina lake na wenzake zaidi ya mia nne ndiyo iliyoleta ile hukumu ya 2009. Alitoka 2016. Simtaji kama mwizi aliyetubu, sina haki hiyo. Ninamtaja kwa sababu anaonyesha mtu anaweza kufanya nini ndani ya kuta zile zile akipewa kitabu na mtu wa kumsomesha.

Na kuna Edmary Mpagi, aliyehukumiwa kifo mwaka 1982 kwa kumuua mtu ambaye kumbe alikuwa hai. Aliachiwa mwaka 2000. Ndugu yake aliyehukumiwa pamoja naye alifia gerezani. Mpango unaohesabu siku peke yake hauwezi kumjua asiye na kosa, aliyetubu, na anayengoja kutoka akaibe tena. Wote watatu wanachuchumaa sawa.

5. Tuna njia zetu, na tumeziacha kwa watafiti.

Waacholi wana mato oput. Anayekiri kuua anasema ukweli wote, ukoo wake unalipa, kisha pande mbili zinakunywa pamoja mzizi mchungu wa mti wa oput. Wateso, majirani zangu hapa, wana ailuc, njia yao ya upatanisho. Njia hizi ziliandikwa kwa majina yake katika makubaliano ya Juba ya 2007 kati ya serikali na waasi juu ya vita vya kaskazini. Ikiwa serikali iliona zinafaa kutajwa kwa vita vilivyoangamiza maelfu, inakuwaje haifai kuwakalisha fundi cherehani na kijana wa miaka 19? Sisemi tunywe mzizi mahakamani. Nasema kiini chake, yaani kukiri mbele ya uliyemkosea, kumsikia akieleza alivyoumia, na kulipa kitu kinachoonekana, hakiko katika adhabu aliyopewa kijana wangu, na bila hicho sioni moyo unaanzia wapi kugeuka.

Najua mtakayosema. Nimekwisha kuyasikia madirishani.

Mtasema hakuna pesa. Kumlisha na kumlinda mtu miezi 23 si bure, Waheshimiwa. Sheria ya Huduma kwa Jamii tunayo tangu mwaka 2000, kwa makosa yasiyostahili kifungo cha zaidi ya miaka miwili. Kijana alihukumiwa mwaka mmoja na nusu. Angeweza kufagia soko la Tororo kila asubuhi, alale kwao, na mchana atafute shilingi za kunilipa.

Mtasema watu watakasirika wachukue sheria mikononi. Hili nalijua kuliko ninyi. Alipokamatwa na betri nilikuwepo. Nilisikia, "Mwizi! Mwizi!" nikatoka na mkasi bado mkononi. Walikuwa wamekwisha kumvua shati, na mtu alikuwa anabingirisha tairi kutoka kwa mafundi wa baiskeli. Mwenyekiti wa kijiji na askari mmoja walimwokoa, Mungu awabariki. Baadaye niliwauliza waliokuwa na mawe, na ni watu ninaowajua, ninawashonea. Waliniambia, "Huyu si alifungwa? Mbona amerudi vile vile?" Kwa hiyo umati haukuwa na hasira kwa sababu adhabu ilikuwa ndogo. Ulikuwa na hasira kwa sababu ulimwona mtu amerudi mbaya kuliko alivyokwenda.

Mtasema upatanisho utanunuliwa na matajiri, mwenye pesa akose, alipe, aende zake. Hoja hii ni nzito na imeninyima usingizi. Binti wa maskini akinajisiwa, halafu wazee wakae chini ya mwembe wagawane mbuzi, huo si upatanisho, na mtu wa namna hiyo na afungwe. Nami sitaki jambo hili liende chini ya mwembe. Nataka lifanyike mahakamani, mbele ya hakimu, milango ikiwa wazi, kwa makosa ya mali, na kwa hiari ya aliyekosewa. Asiyetaka kumwona aliyemwibia asilazimishwe kamwe.

Na wapo watakaosema kuna watu hawabadiliki. Yawezekana. Lakini huyu hakujaribiwa.

Ninachoomba ni haya:

Kwanza, kabla ya hukumu ya wizi mdogo, aliyekosewa aulizwe kwa sauti, mshtakiwa akisikia: umepoteza nini, na unataka nini? Dakika tano zinatosha.

Pili, kila gereza lisomewe orodha ya waliopita siku 60 rumande, kwa lugha wanayoielewa. Kiswahili ndicho kinachosemwa na askari na mahabusu humo ndani. Kitumike kuwaambia haki zao kama kinavyotumika kuwaamrisha.

Tatu, anayekosa mara ya kwanza asilazwe na waliokubuhu, na aliye rumande akitaka kujifunza kazi aruhusiwe. Nina ujuzi wa kushona na Jumatatu zangu ni nyepesi. Nitakuja kufundisha bila malipo, cherehani nikipewa.

Nne, huduma kwa jamii itolewe kwanza kwa makosa ya namna hii, na fidia iwe sehemu yake, hata ikiwa shilingi 5,000 kwa wiki. Kichwa changu kingelipwa kwa wiki 90, muda mfupi kuliko aliokaa ndani.

Tano, anayetoka apokewe. Afisa ustawi wa jamii na mwenyekiti wa kijiji wajue siku yake, na mtu amsindikize hadi kwa aliyemkosea. Kijana wangu alikuja peke yake, kwa miguu, na sikuwa nimejiandaa.

Kesi yake ya pili itatajwa tena mwezi ujao. Wiki iliyopita nilimpelekea sabuni. Aliuliza habari ya binti yangu, kama amerudi shule, na ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. Nimezungumza na muuza chapati mwenye betri. Tumekubaliana tutakwenda mahakamani pamoja, tutaketi benchi la nyuma, na hakimu akifika mahali pa hukumu tutainua mikono. Tunaomba safari hii tusiambiwe tuketi.

Kwa heshima,

Fundi cherehani,
Tororo